Kulalia Dawati

Mwaka 2018 shule moja ya sekondari mjini Hangzhou, China, iliweka darasani kamera zilizowapitia wanafunzi kila baada ya nusu dakika, na kompyuta ikataja kila mmoja anafanya nini. Vitendo vilikuwa sita: kusoma, kuandika, kusikiliza, kusimama, kunyoosha mkono na kulalia dawati. Nilipoiona orodha hiyo nilicheka, kisha nikanyamaza, maana niliwahi kuitumia mwenyewe bila kamera.

Tuutendee haki ufundi huu. Kompyuta huonyeshwa maelfu ya vipande vya video ambavyo watu wameviandikia majina. Mkusanyiko uitwao Kinetics, uliotolewa mwaka 2017, ulikuwa na vitendo 400, na kila kipande kilidumu sekunde kama 10 tu. Kwa kulinganisha mikao na miondoko, kompyuta hujifunza kukisia, na aghalabu hupatia. Lakini watafiti wenyewe wamegundua kuwa mara nyingine huibia: hutaja kuogelea kwa sababu imeliona bwawa, wala haikumjali mwogeleaji. (Nimewajua wanachuo waliofaulu mitihani kwa njia hiyo hiyo.)

Neno lililonikwaza kwanza ni la tatu. Kusimama huonekana, na kunyoosha mkono huonekana. Kusikiliza je? Kinachoonekana ni macho yaliyoelekea ubaoni, na mtoto yeyote mwerevu huweza kuyaelekeza huko huku mawazo yake yako machungani na mbuzi. Kamera bora zaidi haitaliondoa kosa hilo, kwa kuwa kitu kimeitwa kwa jina la kitu kingine.

La sita ndilo linaloniuma. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha. Nilikaa nyuma ya darasa dakika kumi, nikamwona mvulana amelalia dawati, nikampunguzia alama mwanachuo wangu kwa kushindwa kulimudu darasa. Baada ya kipindi akanijia kwa adabu.

“Samahani, Mkuu. Yule amekesha akimuuguza mama yake. Nilimruhusu alale.”

Yeye alikuwa amekaa na watoto wale wiki tatu. Mimi nilikuwa nimeuona mkao.

Alama nilizirudisha siku ile ile, nikayakata kwa wino mwekundu maneno niliyokuwa nimeandika: “Darasa limelala.”