Miti Haikufa, Ilikuwa Agosti

Wiki iliyopita watu walisimama wakakipigia makofi kifilamu kilichopigwa kati ya Nzega na Tabora mjini. Matawi makavu, vumbi, kinanda cha huzuni, na sauti nzito ikitangaza kwamba binadamu ameugeuza msitu kuwa jangwa. Miti ile haikuwa imekufa. Ilikuwa Agosti, na miombo hupukutisha majani kiangazi, binadamu awepo asiwepo. Mwezi wa kumi, hata kabla ya mvua, mingi huchipua majani mekundu ya rangi ya shaba. Wakati huo mwongozaji alishakuwa Dar, anahariri.

Basi mnaopanga filamu fupi ya majaribio kuhusu binadamu na mazingira: kabla ya skripti na kabla ya lokesheni, nionyesheni kalenda. Majaribio si ruhusa ya kutojua.

Tumbaku ya mvuke, inayokula kuni za mkoa huu wa Tabora, hukaushwa wakati wa mvua, misitu ya Urambo na Kaliua ikiwa kijani kibichi. Moshi wa mabani, majumba ya kukaushia tumbaku, unapanda katikati ya uzuri wote ule. Hiyo ndiyo shoti. Anayekuja kiangazi kusaka uharibifu atakuta kila kitu isipokuwa mharibifu. Ngitili nayo, malisho ya akiba, masika hufungwa, ng'ombe hawaingii. Kiangazi hufunguliwa, wafugaji wakalisha mpaka ardhi ikaonekana. Ukiipiga mwezi wa tisa tu, umemshitaki mfugaji kwa kula akiba yake mwenyewe. Kwa jirani zetu Shinyanga, mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulioanza 1986 ulirudisha miti kwa kuifuata desturi hiyohiyo.

Halafu kisiki. Limbukeni anakisogelea, anakizunguka na kamera, anafifisha picha mpaka giza: kifo, tumeelewa. Fundi anapiga magoti kwenye shina. Miombo ikikatwa huchipua tena kisikini, na ukitazama unene wa machipukizi, kovu la moto na alama za meno ya mbuzi, unajua nani alipita baada ya shoka na alipita lini. Kisiki cha kuogopwa ni kile kisicho na chipukizi hata moja. Hapo moto umerudi tena na tena, au jembe limeingia. Sijaona mshindi wa tuzo yoyote ya siku hizi aliyeangalia hapo.

Mzee mmoja wa enzi za mikanda alikuwa akiutembelea mti mmoja mwaka mzima, akiupiga sekunde chache kila msimu, kwa sababu mkanda ulikuwa ghali na hakuna aliyebonyeza ovyo. Simu zimetuondolea adabu hiyo. Nimemwona mwongozaji mwingine aliyewalipa vijana wachome nyasi apate moto wa jioni. Shamba la jirani likaungua, na mwisho wa filamu akawashukuru wanakijiji kwa ushirikiano wao.

Mengine ni mafupi. Droni mara moja tu, na isiwe mwanzoni. Kinanda hapana. Msimulizi wa nini? Koyaanisqatsi ya Godfrey Reggio, ya 1982, haina msimulizi na hakuna aliyepotea njia. Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya 2009, inamwonyesha mtu akikinga jasho lake lisafishwe awe na maji ya kunywa. Baada ya hapo hotuba ya ukame ingekuwa matusi kwa mtazamaji. Na shimo la mgodi wa dhahabu wa Golden Pride pale Lusu lipigwe saa sita mchana, jua likiwa utosini. Kamwe si machweo. Machweo hupendezesha kila dhambi.

Mwenye mpango anayetaka niusome, anaujua mlango wangu. Aje na kalenda ya miezi kumi na miwili, mabani na ngitili vikiwa ndani yake. Mpango wa wiki mbili za Agosti auache nyumbani.