Ndege Iliyoanza Kuchorwa Sakafuni

Ukitaka kuielewa C-130 Hercules, yaache mabawa na injini kwanza, uitazame sakafu. Ndege ikiwa imesimama uwanjani, sakafu ya mzigo iko kama mita moja tu kutoka ardhini, kimo kilichochaguliwa ili kilingane na bodi ya lori la jeshi. Mlango mkubwa wa nyuma unalazwa hadi usawa huo, lori linarudi kinyumenyume mpaka ligusane nao, na mzigo unasukumwa kutoka bodi hadi sakafu bila kreni wala winchi. Ukiulaza zaidi mpaka uguse chini, gari linaingia lenyewe. Utingo wa Kasansa, huku kwetu bonde la Rukwa, aliyepakia magunia ya mpunga kwenye Fuso msimu wa mavuno hahitaji kuelezwa faida ya hapo. Gunia la kusukuma na gunia la kubeba kichwani hata ujira wake ni tofauti.

Wanajeshi wa Marekani walitoa masharti ya ndege hii mwaka 1951, vita vya Korea vikiendelea. Walichotaka ni chombo cha kubeba abiria 92 au mzigo mzito, kitue kwenye uwanja wa udongo, na kiweze kuruka hata injini moja ikizimika. Kampuni ya Lockheed ilimkabidhi kazi mhandisi Willis Hawkins na wenzake. Inasimuliwa kwamba bingwa wa kampuni hiyo, Kelly Johnson, mtu wa ndege za kasi na zenye umbo la kuvutia, alipoiona michoro alisema kitu kile kitaifilisi Lockheed. Namwelewa. Pua fupi, tumbo nene, mkia umepinda kwenda juu. Hercules ya kwanza iliruka tarehe 23 Agosti 1954, na tangu hapo zimetengenezwa zaidi ya 2,500. Kiwanda bado hakijafunga milango.

Ninachokisifu kwenye ndege hii ni jinsi uamuzi mmoja ulivyoyavuta maamuzi mengine yote. Sakafu ikishuka, bawa haliwezi kupita chini yake, kwa hiyo linapandishwa mgongoni mwa ndege. Bawa likipanda, injini nne na rafadha zake zinapanda nalo, na kokoto zinazorushwa na magurudumu hazizifikii. Lakini bawa lililo juu kiasi hicho haliwezi kushikilia miguu ya kutulia, ingelazimika iwe mirefu kupita kiasi. Ndipo magurudumu yakawekwa kwenye vibweta viwili vilivyotokeza ubavuni mwa mwili, nje ya chumba cha mzigo. Matokeo yake, ndani umebaki ukumbi mmoja ulionyooka, urefu wake mita 12 na upana mita 3, bila nguzo wala kizingiti. Na ili lori lifike mlangoni bila kugonga mkia, mkia ukainuliwa. Huo ndio ubaya wa sura uliomkera Johnson. Kila kilichopinda kimepinda kwa sababu.

Magurudumu yenyewe yanastahili aya yake, hasa kwetu tunaoishi bonde la Rukwa. Kila upande kuna magurudumu mawili makubwa, moja nyuma ya jingine, yakifuata mstari mmoja. La mbele linashindilia udongo, la nyuma linapita kwenye njia iliyokwisha kushindiliwa. Tairi ni nene na upepo wake ni mdogo ukilinganisha na wa ndege za abiria, hivyo uzito unasambaa badala ya kuchoma ardhi. Hata hivyo, ardhi nayo ina kauli. Kabla ya kutua kwenye uwanja mpya wa udongo, wataalamu hupigilia chuma chenye ncha ardhini na kupima kinazama kiasi gani kwa kila pigo. Udongo wetu mweusi wa mbuga huku Mpimbwe ungewachanganya. Mwezi Agosti umekauka na kupasuka, mgumu kama nini. Mwezi Februari huohuo unanasa trekta. Uwanja wa Mpanda una lami na hauna wasiwasi huo. Kwa viwanja vya udongo kama ule wa Ikuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mvua ndiyo inayopanga ratiba.

Kutua kwenye njia fupi kunategemea pia kitu ambacho abiria hakioni. Injini za Hercules ni za gesi, lakini nguvu yake inapitia kwenye rafadha. Zikiwa hewani huzunguka kwa mwendo uleule muda wote. Rubani akitaka nguvu zaidi au kidogo, kinachobadilika ni pembe ya mapanga ya rafadha. Hasubiri injini ipande mzunguko, jambo ambalo kwenye injini za jeti za zamani lilichukua sekunde kadhaa, na sekunde hizo zimeua watu. Magurudumu yakishagusa, mapanga yanageuzwa pembe na kuanza kusukuma hewa kwenda mbele, ndege inajizuia yenyewe hata kama breki zinateleza kwenye tope. Mwaka 1963 jeshi la majini la Marekani liliijaribu Hercules kwenye meli ya kubebea ndege, Forrestal, ikatua na kusimama kabisa mara 21, bila ile ndoano ya kunasia waya ambayo ndege nyingine za meli huihitaji. Sijui jaribio jingine la ndege ya mizigo linalonifurahisha kama hilo.

Afrika Mashariki na Kati imeiona ndege hii ikifanya kazi zaidi ya wengi wanavyokumbuka. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, ndege tano za aina hiyo zilidondosha askari wa miavuli 320 wa Ubelgiji kwenye uwanja wa Stanleyville, Kisangani ya leo huko Kongo, mji uliokuwa mikononi mwa waasi wa Simba waliokuwa wakishikilia mateka. Njia ya ndege ilikuwa imezibwa kwa mapipa na magari. Ilibidi askari waifungue kwa mikono kwanza, ndipo ndege zilizobaki zikatua na magari yao. Takriban watu 2,000 waliondolewa Stanleyville na mji mwingine wa Paulis katika siku chache, ingawa makumi ya mateka waliuawa kabla askari hawajafika katikati ya mji. Serikali nyingi za Afrika ziliilaani operesheni hiyo, na zilikuwa na hoja. Mimi hapa naihesabu kwa upande wa ufundi tu: uwanja uliofungwa asubuhi ulikuwa unapokea ndege kabla jua halijawa kali.

Operesheni ya Israel ya kuokoa mateka Entebbe, Uganda, Julai 1976 inajulikana zaidi, kwa hiyo nitagusa sehemu moja. Hercules nne za Israel zilisafiri kama kilomita 4,000, zikiruka chini kabisa juu ya Bahari ya Shamu ili rada zisizione. Ya kwanza ilitua taa za uwanja zikiwa zinawaka. Ikiwa bado inatembea, askari wachache waliruka kutoka milango ya pembeni na kuweka taa ndogo kando ya njia. Taa za uwanja zilipozimwa, ndege zilizofuata zilitua kwa kufuata taa hizo za mkononi. Mercedes nyeusi na Land Rover mbili zilitoka mlango wa nyuma mara moja, kwa sababu sakafu ilikuwa chini na hakukuwa na ngazi ya kusubiri. Sinema nyingi zimewasifu makomando. Ningependa moja imsifu aliyepima kimo cha sakafu. Wakati wa kurudi zilijaza mafuta Nairobi, na Wakenya waliokuwa Uganda walilipa kwa damu hasira za Idi Amin.

Miaka mitatu baadaye, uwanja uleule ulionyesha upande wa pili wa ndege hii. Tarehe 7 Aprili 1979, katika vita vya Kagera, Brigedi ya 208 ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) chini ya Mwita Marwa iliingia Entebbe. Libya ilikuwa imeleta askari wa kumsaidia Amin, na Hercules yake moja ilijaribu kuruka ikiwa imewabeba waliokuwa wakikimbia. Roketi la begani liliipata, ikateketea. Ndege inayostahimili matope, mawe, vumbi na rubani mwenye haraka haistahimili roketi la askari wa miguu. Usalama wake pekee ikiwa chini ni kuondoka mapema, na siku ile ilichelewa.

Jeshi letu wakati huo halikuwa na Hercules. Lilikuwa na ndege za Kanada. Ujerumani Magharibi ilipositisha msaada wake wa kijeshi mwaka 1965, kwa ugomvi uliotokana na Muungano na uhusiano wa Zanzibar na Ujerumani Mashariki, Kanada ndiyo iliyoingia kusaidia kujenga kikosi cha anga, na miongoni mwa ndege zilizokuja ni Caribou. Hiyo ni dada mdogo wa Hercules kwa fikra: bawa juu, mkia juu, mlango nyuma. Injini zake ni mbili tu, za pistoni, na inabeba abiria kama 32. Mbawa zake zina vipande vya nyuma vinavyoshuka karibu urefu wote wa bawa, kwa hiyo inaweza kuruka kwa mwendo wa polepole mno bila kudondoka, na kwa uzito wa wastani kutua kwenye njia isiyofika nusu kilomita. Kwa nchi iliyokuwa na barabara chache za lami na mikoa ya magharibi iliyokatika kila masika, hilo lilikuwa chaguo la akili. Baadaye ikaja Buffalo, ndugu yake mwenye injini za gesi.

Tatizo la Caribou halikuwa matope. Injini zake zilihitaji petroli maalumu ya ndege, ambayo mwaka hadi mwaka ilizidi kuwa adimu na ghali, wakati ndege nyingine nyingi zilihamia mafuta ya taa ya ndege. Zilitengenezwa 307, Buffalo 122, kisha kiwanda kikaacha. Australia iliendelea kuzirusha Caribou hadi 2009, lakini ilikuwa na karakana na fedha za kufanya hivyo. Hercules imedumu kwa wingi wake. Vipuri vyake vinapatikana kwa sababu nusu ya dunia inavitafuta.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote, hata hivyo, haikuwa ya vita. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulianzisha Operesheni Lifeline Sudan, na kituo chake kikubwa upande wa Kenya kikawa Lokichoggio, Turkana. Watu wa huko wanapaita Loki. Ng'ambo ya mpaka, kusini mwa Sudan, barabara zilikuwa na mabomu ya kutegwa, na masika yaligeuza nchi nzima kuwa kinamasi. Njaa ya Bahr el Ghazal ya mwaka 1998 ilipopamba moto, ndege zilirudi angani mara tu zilipopakiwa. Zilikuwemo Buffalo, zikitua kwenye viwanja vya udongo vilivyo kavu. Pale ambapo hapakuwa na uwanja wa kutua, kazi iliangukia Hercules, na haikutua.

Sikiliza jinsi ilivyofanyika. Mahindi hutiwa kwenye gunia la kilo 50, gunia halijazwi hadi likakakamaa, kisha linaingizwa ndani ya gunia la pili, mara nyingine na la tatu. La ndani likipasuka kwa kishindo, la nje linazishika punje. Hercules moja inabeba tani kama 16, yaani magunia 320. Yanapangwa juu ya mbao, mbao zimekaa juu ya roli za chuma zilizofungwa sakafuni, na kila safu ina mkanda wake unaoizuia isiteleze. Chini, wafanyakazi wameweka alama kubwa nyeupe katikati ya eneo lililo wazi na wanazungumza na rubani kwa redio. Kazi yao ngumu zaidi ni kuwazuia watu wenye njaa wasikimbilie mzigo mapema. Gunia la kilo 50 linalofika ardhini kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa linaua, na limewahi kuua.

Ndege inashuka hadi mita mia mbili au tatu hivi, inapunguza mwendo, mlango wa nyuma umefunguka. Rubani anainua pua nyuzi chache tu. Sakafu ileile iliyochorwa kwa ajili ya lori sasa ni mteremko. Msimamizi wa mizigo anakata mkanda wa safu ya kwanza, na magunia yanajiendea yenyewe kwa uzito wake, mbao zinabaki nyuma kidogo na kuanguka pembeni, magunia yanaachana hewani na kutua yakiwa yametawanyika kwenye mstari mrefu. Hakuna mwavuli hata mmoja. Mwavuli ni ghali, na kwa mahindi hauna kazi. Mafuta ya kupikia ndiyo yaliyokataa mtindo huo: madebe yanapasuka, kwa hiyo kwa miaka mingi yalisubiri uwanja ukauke.

Kwa rubani, sekunde zinazofuata ndizo za hatari. Wakati magunia yanateleza kwenda nyuma, uzito wote unahamia mkiani na pua inataka kupanda. Ghafla umetoka, ndege imepungukiwa tani kadhaa na inataka kuruka juu. Anaisukuma pua chini, anaongeza nguvu, mapanga yanaitikia papo hapo kwa sababu ile niliyoieleza. Anazunguka kumalizia nusu iliyobaki, halafu anarudi Loki. Huko lori limekwisha kurudishwa kinyumenyume, likisubiri sakafu.