Namna ya Kuitambua Bodi Bora ya Themokapo

Kabati la kudhibiti turbini likifunguliwa, macho ya wengi hukimbilia kadi zenye taa. Bodi ya tamino inayopokea nyaya za vipimajoto iko pembeni, safu za skrubu tu juu ya bamba la kijani, na mara nyingi huchukuliwa kuwa njia ya kupitishia waya. Kwa sababu hiyo wanunuzi wengi huichagua kwa kuangalia bei tu. Mimi naiona bodi ya themokapo kuwa nusu ya kipimajoto, na kila ninachokisema hapa chini kinatoka kwenye imani hiyo.

Themokapo ni nyaya mbili za aloi tofauti zilizounganishwa nchani. Haitoi joto la ncha. Hutoa tofauti kati ya joto la ncha na joto la mahali nyaya hizo zinapokutana na shaba, yaani kwenye skrubu za bodi. Aina ya K, ambayo imeenea sana kwenye turbini za gesi, hutoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ncha ikiwa kwenye moshi wa nyuzi 540 na skrubu ikiwa na nyuzi 35, waya huleta habari za nyuzi 505 tu. Zile 35 zilizobaki huongezwa na kompyuta, ambayo huzisoma kwenye sensa ndogo iliyopachikwa juu ya bodi. Sensa hiyo ikikaa mahali penye joto kuliko skrubu kwa nyuzi 3, vipimo vya bodi nzima vitapanda kwa karibu nyuzi 3. Kompyuta itadhani moshi umezidi joto, itapunguza gesi, na kituo kitapoteza umeme ambao kingeweza kuuzalisha. Hitilafu ya upande wa pili ni mbaya zaidi: kipimo kikiwa chini ya ukweli, gesi huongezwa na mapanga ya turbini hufupishiwa umri.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kutafuta ni sensa ya bodi. Je, imekaa katikati ya safu za skrubu, karibu nazo, au imesukumwa kwenye kona iliyobaki wazi baada ya vipande vingine kupangwa? Kuna kipande kinachopata moto kilichowekwa jirani yake? Bodi iliyobuniwa na mtu anayejua kazi huwa na sensa zaidi ya moja, na huwa na shaba pana au bamba la alumini nyuma ya skrubu ili joto lisambae sawasawa. Kisha angalia mahali inapofungwa. Bodi bora kabisa ikiwekwa mbele ya mdomo wa kiyoyozi hupoteza sifa zake zote, kwa kuwa upande mmoja hupoa na mwingine hubaki na joto.

Chukua mfano wa turbini ya General Electric aina ya 9E. Ina vyumba 14 vya kuchomea gesi na themokapo 24 kuzunguka njia ya moshi. Mfumo hulinganisha zilizo moto na zilizo baridi. Tofauti ikikua, ni dalili kwamba chumba kimojawapo hakichomi vizuri. Kosa linalozipata skrubu zote kwa kiwango kimoja halionekani katika ulinganisho huo. Lakini ndani ya kabati hewa moto hupanda, na skrubu za juu zikiwa na joto kuliko za chini, bodi huongeza tofauti ambayo haimo kwenye moto wenyewe. Bodi ya TBTC ya mifumo ya udhibiti ya Mark VI ya kampuni hiyohiyo hupokea themokapo 24 kwenye skrubu 48, katika matofali mawili yanayong'oka, kila moja lenye skrubu 24. Tofali linalong'oka linastahili sifa: bodi inaweza kubadilishwa bila kufungua waya mmoja mmoja, na waya usiofunguliwa haurudishwi mahali pasipo pake.

Baada ya bodi, angalia mkono wa aliyefunga nyaya. Hapa rangi zinaweza kuua mtambo. Kwa kanuni za Marekani, aina ya K ni njano kwa chanya na nyekundu kwa hasi. Kwa kanuni za kimataifa za IEC ni kijani kwa chanya na nyeupe kwa hasi. Fundi wa umeme aliyezoea kuona nyekundu kuwa chanya atageuza waya wa Kimarekani bila wasiwasi. Akigeuza upande mmoja, kipimo kitapungua joto linapopanda, na kosa litaonekana mapema. Akigeuza pande zote mbili za waya wa kurefushia, kule kwenye sanduku la mashine na huku kwenye bodi, skrini itaonyesha namba ya kuaminika iliyo ya uongo. Sanduku likiwa na nyuzi 60 na bodi nyuzi 25, kipimo kitakuwa chini ya ukweli kwa takriban nyuzi 70. Usiulize karatasi, chukua sumaku. Katika aina ya K waya wa hasi, alumeli, huvutwa na sumaku, na wa chanya, kromeli, hauvutwi.

Vipimajoto vya ukinzani navyo vina hesabu yake, nyepesi zaidi. Pt100, mojawapo ya vipimajoto hivyo, ina omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100, kwa hiyo skrubu iliyolegea ikaongeza omu 0.4 kwenye waya mmoja inatosha kupotosha kipimo kwa nyuzi moja. Waya wa tatu wa kipimajoto hicho upo ili ukinzani wa kebo uondolewe kwenye hesabu, nao hufanya kazi hiyo ukiwa na unene na urefu uleule wa wenzake. Ngao ya kebo iunganishwe ethi upande mmoja tu, kwenye ukanda ulio kando ya skrubu, na kipande kilichochunwa kiwe kifupi.

Kutu ina jiografia yake. Kwenye vituo vya jotoardhi kama Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke hutoka ardhini na hidrojeni salfaidi, gesi inayoshambulia shaba na fedha. Pwani kuna unyevu na chumvi. Bodi ya mazingira hayo inapaswa kupakwa lakeri ya kinga, na lakeri huonekana vizuri ukimulika tochi kutoka ubavuni: iwe nyororo, bila mapovu, ifike hadi miguuni mwa vipande. Lakini lakeri haifuniki uso wa skrubu, kwa sababu pale ndipo umeme hupita. Ukiona weusi kwenye shaba ya waya chini ya skrubu, hewa ya chumba ndiyo ishughulikiwe kwanza. Bodi mpya itaugua vilevile.

Mwisho ni majaribio, na bodi isiyojaribiwa siisifu. Unganisha skrubu mbili za kila njia kwa kipande kifupi cha waya wa shaba. Kila njia inapaswa kuonyesha joto la bodi yenyewe. Inayokwenda kinyume na wenzake ina kasoro ya umeme. Kisha tengua njia moja: bodi nzuri hutangaza kwamba waya umekatika, haiachi namba ikielea.

Jaribio la waya wa shaba halionyeshi tofauti ya joto kati ya skrubu na skrubu. Kwa hiyo jaza chupa ya chai barafu iliyopondwa na maji safi, tumbukiza ncha ya themokapo moja ya K, na acha kabati likiwa limefungwa na kuwashwa mpaka joto lake litulie. Funga nyaya zake kwenye skrubu za juu, halafu za katikati, halafu za chini, kila mara ukifunga mlango na kuacha joto litulie. Kote unatafuta sifuri. Bodi inayotofautiana na nafsi yake kwa zaidi ya nyuzi moja naweza kuikubali kwa joto la mafuta ya kulainishia. Kwenye moshi wa turbini siifungi.