Alama Nzuri, Mto Mkavu



Nimemaliza kusoma ripoti moja juu ya maji ya Ruaha Mkuu, niliyotumiwa nitoe maoni. Mwandishi simtaji, maana kosa lake ni letu wengi. Hata mimi kwenye tasnifu yangu nililifanya. Lakini nitalisema wazi, kwa sababu hesabu kama hizi huishia kwenye meza za wanaoamua nani apewe maji na nani ahamishwe.

Kwanza nimpe haki yake. Modeli yake ni SWAT, na ameiendesha kwa mstari wa amri, akaiunganisha na PEST, programu ya John Doherty. Hapo namsifu. PEST inabadilisha parameta ndani ya faili za modeli, inaamuru modeli iendeshwe, inasoma mtiririko uliotoka, inaulinganisha na uliopimwa mtoni, kisha inarudia mara mamia wewe umelala. Na kila uamuzi umeandikwa kwenye faili. Wangapi kati yetu wanabonyeza vitufe, ukiwauliza walifanya nini hawakumbuki? Huyu bwana aliambatisha faili zake zote, ndiyo maana tatizo nimeliona.

Tatizo liko kwenye faili la udhibiti, lile lenye mkia wa .pst. Humo kila kipimo cha mto kina uzito wake. Yeye ameweka 1 toka juu mpaka chini. Ukitazama utadhani ni usawa. Hebu tupige hesabu.

PEST inatafuta jumla ndogo kabisa ya miraba ya makosa. Tuseme siku ya mafuriko mto umepitisha mita za ujazo 300 kwa sekunde, modeli ikasema 270. Kosa ni 30, mraba wake 900. Tuseme siku moja ya Oktoba umepitisha 3, modeli ikasema 1. Kosa ni 2, mraba wake 4. Siku ya mafuriko modeli imekosea sehemu moja katika kumi. Siku ya kiangazi imekosea theluthi mbili! Lakini kwa mashine, siku ile moja ya mafuriko ina uzito wa siku 225 za kiangazi. Kipimo cha Nash na Sutcliffe cha mwaka 1970 kina maradhi hayo hayo, kwani nacho kinakwenda kwa miraba. Ndiyo maana ripoti inajivunia kuvuka 0.50, ile alama ambayo Moriasi na wenzake walipendekeza mwaka 2007, na huku miezi ya ukame mistari miwili kwenye grafu haitazamani.

Sasa jamani, ugomvi wa Ruaha ni wa mafuriko? La hasha. Tangu miaka ya 1990 mto umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, chini ya kinamasi cha Ihefu. Wakalaumiwa wafugaji, yakalaumiwa mashamba ya mpunga ya Usangu na mifereji yake. Mwaka 2006 wafugaji waliamriwa waondoke, na mwaka 2008 eneo likaingizwa hifadhini. Yote hayo kwa ajili ya mita chache za ujazo za kiangazi. Kuchukua modeli iliyofunzwa mafuriko ukaiuliza nani kamaliza maji ya Oktoba ni kumsimamisha kizimbani shahidi ambaye siku ya tukio hakuwapo.

Kuna la pili, na ni baya zaidi. Maji yanayochotwa na mifereji hayamo vizuri ndani ya modeli. PEST haijui hilo. Itavuta parameta za maji ya ardhini mpaka hesabu ikubali, na kosa la mfereji litabebeshwa udongo.

Dawa ipo. Kwenye mfano wangu, siku ya Oktoba ukiipa uzito wa 15, kosa la 2 linakuwa 30, sawa na la mafuriko. Au tumia logi ya mtiririko. Ila Ruaha hufika sifuri, na sifuri haina logi, kwa hiyo unaongeza namba ndogo, na uitaje. Kisha ufuate ushauri wa Klemeš wa mwaka 1986: funza modeli kwa miaka ya mvua, ipime kwa miaka ya ukame. Alama itashuka. Iache ishuke.

Nimemwandikia mwandishi arudie kazi. Atasema uzito wa 1 hauna upendeleo. Si kweli. Kuacha 1 ni kuamua kwamba masika ndiyo yenye haki ya kusikilizwa, na aliyehamishwa kiangazi hatakuja kulisoma faili la .pst.

Penye makosa mnisahihishe.

Wasalaam.