Heko, Bwana Mifugo

Usiku, huko Igunga au Sikonge mkoani Tabora, mtamba akishindwa kuzaa, wafugaji humpigia simu bwana mifugo. Anafika kwa pikipiki, na jambo la kwanza analofanya si kushika kamba. Anatawanya watu. Fimbo chini, mbwa wafukuzwe, kelele basi. Anayebaki kichwani pa ng'ombe ni mchungaji aliyemzoea. Wengine humwona anachelewa. Mimi nasema hapo ndipo kazi ilipo, kwani hofu hudhoofisha uchungu, na mnyama aliyetishwa huacha kusukuma.

Kisha ndoo ya maji, sabuni, glovu ndefu hadi begani. Sindano ya ganzi huingia karibu na shina la mkia. Mguu wa ndama uliokunjika husukumwa kwanza ndani, polepole, uchungu ukitulia, kwato ikiwa imefunikwa kiganjani isimchane mama. Kamba huvutwa pale tu ng'ombe anaposukuma. Ndama akitoka, mama huachwa amlambe.

Elimu ya mifugo haikuanza jana: Mpwapwa ina kituo cha utafiti wa mifugo tangu 1905. Elimu hiyo imefika mbali, ingawa mafuta ya pikipiki mara nyingi hutoka mfukoni mwa mtaalamu mwenyewe.

Ewe mfugaji, chupa ikipasuka na muda wa saa mbili ukapita bila ndama, usiite vijana wavute. Mwite bwana mifugo, na umlipe.