Kipi Kitangulie

Mwanaprogramu husifiwa kwa kile alichobuni. Mimi namsifu zaidi anapoketi na wenzake kuamua kipi kitangulie kipi, kazi isiyompa mtu jina.

Tuseme ofisi yao iko Dubai Airport Freezone, eneo huru lililoanzishwa mwaka 1996 ubavuni mwa uwanja wa ndege, na programu yao ni ya mizigo. Orodha ya mitaa inawangoja: Al Barsha, Al Quoz, Al Qusais, Deira, na Karama, ambayo wengine huiandika Al Karama. Je, hiyo "Al" ihesabiwe? Ikihesabiwa, karani anayetafuta Qusais atafukua rundo zima la A. Isipohesabiwa, mgeni asiyejua Kiarabu atababaika. Kompyuta haiamui ugomvi huu. Ukiiachia, hufuata namba za herufi, Z kubwa ikiwa 90 na a ndogo 97; basi Zanzibar hutangulia arusha, na mzigo-10 hutangulia mzigo-2.

Ubishi wenyewe ni wa kale. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mzaliwa wa Oman wa karne ya 8, aliipanga kamusi yake, Kitab al-Ayn, kwa mahali sauti inapotokea, kuanzia kooni hadi midomoni. Baadaye al-Jawhari akaipanga yake kwa herufi ya mwisho ya mzizi. Kila mmoja alikuwa na hoja, ingawa mshairi anayesaka vina angemshukuru wa pili.

Msimbo wa programu nao huzua ubishi huo. PEP 8, mwongozo wa mwaka 2001 wa kuandika lugha ya kompyuta ya Python, hugawa maktaba zinazoitwa na faili katika makundi matatu: za lugha yenyewe, za watu wengine, na za mradi. Ndani ya kundi haukuamuru kitu. Timu nyingi hujaza pengo hilo kwa alfabeti, jina moja kila mstari, wala si kwa urembo. Watu wawili wakiongeza majina mwishoni mwa orodha, Git, programu inayounganisha kazi zao, hulalamika kwamba wamegongana. Orodha ikifuata alfabeti, mara nyingi jina la huyu huangukia juu na la yule chini, na kazi zao huungana bila mtu kuitwa kuamua.

Wakishaafikiana, hata aliyeshindwa, kanuni huandikwa kwa sentensi moja na utekelezaji huachiwa programu kama isort. Kuhusu "Al", mimi ningeibakiza kwenye jina na kuiruka katika kupanga. Karani ndiye anayeifungua orodha hiyo kutwa.