Chee ya 1969 na ahirisho la Machi 8

Machi 8, 2025, siku ya Dabi ya Yanga na Simba, Bodi ya Ligi ilikuwa na njia mbili: mpira upigwe, au anayegoma apigwe chee, yaani mpinzani apewe ushindi wa mezani. Ikachonga ya tatu, ikaahirisha, na hapo ndipo ilipochemsha. Ni kweli Simba walizuiwa usiku wa kuamkia mechi kuingia Uwanja wa Mkapa kwa mazoezi ambayo kanuni inawapa wageni. Aliyewazuia ana kosa, na kosa hilo lina adhabu yake. Lakini kunyimwa mazoezi hakuzai haki ya kugoma, na barua ya Simba ya mgomo haigeuki ratiba kwa sababu imeandikwa na mkubwa. Ahirisho lenyewe likatoka siku ileile ya mechi, Yanga wakafika uwanjani bila mpinzani, na shabiki aliyepanda Coaster Bagamoyo, akapita Mapinga na Bunju na jezi mwilini, akageuza na nauli yake imeshaliwa. Ni ugonjwa uleule wa Dabi ya Mei 8, 2021, mechi ya saa 11 jioni ilipogeuzwa ya saa 1 usiku.

Wazee wetu hawakuwa na mkono laini hivyo. Machi 3, 1969, ligi ikiwa na miaka minne tu, Sunderland, ndio Simba wa leo, waligomea mechi na Yanga wakapewa ushindi wa chee. Besiboli ya kulipwa kule Marekani ilipitia mtihani huohuo mapema zaidi. National League ilianza 1876, na msimu huohuo Mutuals wa New York na Athletics wa Philadelphia wakagoma kumalizia safari za magharibi. William Hulbert, aliyeiasisi ligi hiyo, akasimamia zitimuliwe zote mbili, klabu za miji mikubwa. Msimu wa 1877 ukachezwa na timu sita, na miji hiyo haikurudi ligini hadi 1883. Hasara ilikuwepo. Ligi ikabaki.

Watasema Dabi ni pesa na usalama, na kwamba hatimaye ilichezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0. Siku hiyo iliendeshwa vizuri, na kumleta mwamuzi wa Misri kulikuwa sahihi. Ila tazama msimamo kabla ya mechi hiyo: Yanga 79, Simba 78. Mechi ya kawaida ya mzunguko wa pili ilikuwa imegeuzwa fainali ya msimu, na waliogoma wakapewa miezi mitatu na nusu ya kujipanga. Kama hoja ni usalama, polisi ndio wa kusema, si klabu. Na kama hoja ni pesa, basi kanuni iandikwe hivyo, klabu ndogo kama Coastal Union wajue. Hao ni mabingwa wa 1988, lakini basi lao likizimika Segera wakiwa njiani kuja Dar, kamisaa ataangalia saa yake, kisha wenyeji watapewa pointi tatu na mabao matatu.